Njia ya Baiskeli Mlangoni kwa Nosim

Loishiye alijua neno moja la Kiswahili, na kwa miaka mingi lilimtosha.

Alilipata kwenye boma la Wajerumani, siku alizokuwa akibebeshwa mawe ya ukuta pamoja na wanaume wengine wa Kiarusha. Kila msimamizi wa Kizungu alipopita kukagua kazi, aliwauliza askari swali refu, na askari wakajibu kwa pamoja huku wamekakamaa, "Barabara, bwana!" Mzungu akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake, na siku hiyo hakuna aliyeonja kiboko. Loishiye aliyaona haya akiwa na jiwe begani. Akaamua kwamba mtu akitaka kujifunza lugha ya wenzake, basi aanze na neno linalozuia kiboko.

Mimi ni kitukuu wake, na nasema bila chuki: mzee yule hakuwa mjinga. Alikuwa na ugonjwa mwingine, ule wa kutotaka kuonekana hajui. Ugonjwa huo tumeurithi mpaka leo. Ukitaka kuushuhudia, waulize wajomba zangu njia ya kwenda mahali wasikowahi kufika, utaelekezwa kwa uhakika mpaka upotee.

Basi neno lake akalitumia kila mahali. Dukani kwa Mhindi, akiulizwa kama anataka blanketi jekundu au la kijivu, alijibu barabara, na Mhindi akampa lile lililotobolewa na panya. Siku nyingine alirudi nyumbani na taa isiyo na kioo. Nosim, mkewe, alipomuuliza ni ya nini, akasema ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta. Yoeli, mkalimani wa boma, kijana wa Kimeru kutoka Akheri aliyesomeshwa na misheni, kila akimkuta njiani alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," na mzee akaitikia kwa kishindo, "Barabara!" Yoeli alidhani ni utani wa wazee. Majirani, ambao hata hilo moja hawakuwa nalo, walidhani ni Kiswahili kizima.

Nosim hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa, na alipokasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda, jambo ambalo bibi yangu Nashilu, binti yake wa pekee, alisema lilitisha kuliko kelele. Alichokuwa nacho Nosim ni nyumba.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu vijana wa siku hizi wameanza kusahau. Kwa Waarusha wa wakati ule nyumba ilikuwa ya mke. Mwanamume alikuwa na ng'ombe, na zizi, na migomba, na maneno mengi. Nyumba hakuwa nayo. Aliingia kwa mkewe na kulala kwa mkewe. Mwenye wake watatu alikuwa na milango mitatu ya kupigia hodi, na hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Loishiye alikuwa na mke mmoja, kwa hiyo alikuwa na mlango mmoja.

Nyumba ya kwanza ya Nosim ilichomwa na askari mwaka ule Wajerumani walipokuja kwa vita, wakakata migomba na kuswaga ng'ombe. Alikuwa ameolewa juzi tu, udongo wa kukandikia haujakauka vizuri. Mimi nikifika hapa kwenye hadithi huwa nakasirika, na sioni sababu ya kuficha. Ya pili aliijenga polepole, upande wa mto Themi, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni anauona Mlima Meru wote na mawingu yake. Wanaume walimsimamishia nguzo. Kukandika kwa udongo na samadi, kuezeka, kutengeneza kitanda cha fito na ngozi, yote alifanya mwenyewe, na humo akamzaa Nashilu. Alisema mbele ya kila mtu, na hakuna aliyedhani anatania: "Nyumba ya tatu sijengi. Hii ikianguka, narudi kwa kaka zangu Nduruma."

Basi reli ilipokwisha kufika Moshi, akaja bomani bwana mpya wa kupanga mji. Jina lake liliwashinda watu kulitamka, wakamwita Bwana Kamba, maana hakuonekana bila kamba yake ya kupimia. Alipenda vitu viwili duniani: Kiswahili chake na baiskeli yake. Kiswahili alikisoma kwao Ulaya katika kitabu, akafaulu. Baiskeli ilipanda meli, ikapanda garimoshi mpaka Moshi, na kutoka Moshi, kwa kuwa njia ilikuwa tope tupu, ikapanda kichwa cha mpagazi. Watu wa Arusha walipoiona inaingia mjini kwa namna ile walielewa kwamba ni chombo kinachopanda watu. Wiki iliyofuata walipomwona Bwana Kamba amekaa juu yake, walisema angalau sasa nacho kimepata zamu ya kubeba.

Lakini kilibeba kwa shida. Njia za mji zilikuwa zimechimbwa na kwato za punda, na kila hatua chache bwana alishuka kusukuma, tope limemfika magotini. Ndipo akapata wazo. Katika mji mpya, kutakuwa na barabara pana iliyonyooka kutoka bomani hadi mto Themi, na kando yake njia nyembamba, laini, iliyosawazishwa vizuri, ya baiskeli peke yake. Ng'ombe marufuku. Punda marufuku. Wanawake wenye mikungu ya ndizi, marufuku. Baiskeli katika Arusha nzima ilikuwa hiyo moja, lakini mpango ni mpango.

Siku ya kupima, Bwana Kamba alifika upande wa Themi na askari wawili na mzigo wa vigingi vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Yoeli hakuwepo. Alikuwa ameomba ruhusa kwenda Akheri kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Bwana hakujali, mtu mwenye Kiswahili cha kitabu amngoje mkalimani wa nini? Nosim naye alikuwa sokoni. Majirani walijikusanya, wakatazamana, kisha Sironka, jirani mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa, akamsukuma Loishiye mgongoni.

"Nenda wewe," alisema. "Wewe ndiye unayejua lugha yao."

Loishiye akatengeneza shuka yake begani, akaenda.

"Hujambo, mzee?" aliuliza Bwana Kamba.

"Barabara."

Bwana akasita kidogo, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama kamba yake. "Serikali yataka kuutengeneza mji huu. Ninyi wenyeji, mwahitaji kitu gani mahali hapa?"

"Barabara!"

Mzungu akawageukia askari, uso umemng'aa. Tangu ateremke melini alikuwa akiwahubiria watu faida za barabara, nao wakiinamisha vichwa tu. Leo amempata mmoja anayeiomba kwa kinywa chake.

"Kweli mwataka barabara?"

"Barabara, bwana."

"Ipite kule mtoni, ama ipite hapa?" Akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye mlango wa Nosim.

Loishiye aliufuata ule mkono kwa macho, akaelewa kwamba mzungu anaisifia nyumba. Moyo ukamjaa. "Barabara!" alisema. "Barabara, barabara!"

"Mbili?"

"Barabara!"

"Na ya pili iwe ya baiskeli?"

"Barabara, bwana, barabara!"

Sisi tuliokua na Kiswahili tunajua kwamba ukilikazia neno hilo mwanzoni, kwenye "ra" ya kwanza, umesema sawasawa, na ukilikazia mbele, kwenye "ba" ya pili, umesema njia pana. Loishiye alikaza popote pumzi ilipomfikisha. Askari walikuwa watu wa pwani, na walielewa vizuri sana kilichokuwa kikiendelea. Mmoja aliuma mdomo mpaka machozi yakamlenga. Lakini kumsahihisha bwana mkubwa hakukuwa katika kazi zao, nao waliipenda ngozi ya migongo yao.

Vigingi vikapigwa. Vile vya barabara pana vilipita nje ya ua. Vile vya njia ya baiskeli viliingia uani: kimoja langoni, kimoja mbele ya mlango wa Nosim, kimoja nyuma ya nyumba penye ndama. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba baiskeli ikitoka kigingi cha pili kwenda cha tatu itapita juu ya kitanda. Loishiye aliona vitambaa vyekundu tu, akavipenda.

Nosim aliporudi na kapu lake, alisimama mbele ya kigingi.

"Hiki ni nini?"

"Heshima," alisema Loishiye. "Wamenichagua mimi kuzungumza. Nimezungumza nao mpaka wakafurahi."

"Mmezungumza nini?"

"Mambo ya mji," alisema, akaenda kuangalia ndama.

Kesho yake Yoeli akaja, kofia mkononi, na uso wa mtu aliyetumwa kitu asichokipenda. Aliongea Kimaa, lugha ya Waarusha, chake cha Kimeru-Kimeru lakini kinaeleweka. Alisema nyumba iondolewe kabla ya masika, njia ya baiskeli ipite. Akasema bwana anamshukuru sana mzee kwa kuomba mwenyewe. Akasema pia, kwa kuwa alikuwa kijana mwaminifu na hakujua kuruka maneno, kwamba bwana angetamani wazee wote wa Arusha wawe kama huyu.

Nosim alimtazama mumewe. Loishiye alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza neno lake halikutoka.

"Uliomba?" Sauti ya Nosim ilikuwa imeshuka.

"Mimi nilisema... nilikubaliana naye tu."

Nosim akaingia ndani. Akatoka na kigoda cha Loishiye, fimbo yake, lile blanketi la panya na ile taa isiyo na kioo, akavipanga vizuri kando ya kigingi.

"Umeomba barabara," alisema. "Kaa barabarani."

Na hapakuwa na la kufanya. Mlango haukuwa wake. Aliacha kigoda palepale, labda kwa matumaini, akachukua fimbo na blanketi, akaenda kwa Sironka. Sironka alimpokea kwa moyo mkunjufu, akampa nafasi kwenye banda la ndama na kumwambia asijali, ndama hawakoromi.

Habari zilipoenea, ilikuwa kila mtu ana lake. Simaloi, muuza ndizi aliyekaa chini kidogo ya nyumba ya Nosim, aligundua kwamba njia ile itapita katikati ya migomba yake. Sironka aligundua kwamba ng'ombe wake hawatafika mtoni bila kuivuka. Waliokuwa wamemcheka Loishiye jana wakanuna leo. Wote wakakubaliana kwenda kwenye baraza la bwana, na wote wakakubaliana kwamba safari hii Loishiye asizungumze.

Baraza lilifanyika mbele ya lango la boma. Bwana Kamba alikaa kwenye kiti, karatasi ya mji imetandazwa mezani, Yoeli amesimama kando yake kutafsiri.

Sironka alianza. "Ng'ombe wangu wanakwenda Themi kunywa maji. Umesema wasikanyage njia ya hicho kitu. Sawa. Nani atawaambia?"

Yoeli akatafsiri. Bwana akasema mchungaji atawaambia.

"Basi aje awaambie yeye," alisema Sironka, "mimi nimejaribu miaka yote."

Simaloi akasimama, mkono kiunoni. "Mimi nina mkungu kichwani. Hicho kitu kinakuja nyuma yangu, hakina kwato, hakina mlio. Nitakijuaje?"

"Ina kengele," alisema bwana kwa fahari.

"Kengele?" Sironka akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kengele ni kitu kizuri."

"Na watu wa kukipanda ni wangapi?" Simaloi hakuwa amemaliza.

"Kwa sasa, mmoja."

"Njia nzima, ya mtu mmoja?"

"Watakuja wengi."

"Wakija tutawatengenezea. Kwa nini wewe usizunguke kwanza?"

Bwana akaeleza kwamba barabara iliyonyooka ndiyo ustaarabu. Simaloi akasema mto Themi umepinda tangu mwanzo na haujawahi kushindwa kufika. Watu wakacheka. Yoeli alitafsiri maneno, kicheko akakiacha.

Kisha Nosim akasimama, na kelele zikaisha. Alisogea mpaka mezani, akaitazama ile karatasi. "Nyumba yangu iko wapi hapa?"

"Haimo," alisema bwana. "Hapa pametoka wazi."

"Kama haimo, basi mnavunja nini?"

Bwana Kamba akageuka kutafuta msaada, na macho yake yakamwangukia Loishiye kule nyuma. "Mumeo ndiye aliyeiomba njia hii," alisema. "Tena aliiomba mara nyingi. Mwulize!"

Watu wote wakageuka. Bibi yangu alisema baba yake alikuwa na masikio makubwa, na kwamba siku ile yaliiva kabisa. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema amebadili mawazo, na jina lake la mjuzi wa lugha libaki. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya kuheshimiwa. Mbele yake alisimama mkewe, hamtazami.

Alimwendea Yoeli. "Mwambie," alisema kwa Kimaa, "mwambie kwamba Kiswahili sijui."

Yoeli alidhani amesikia vibaya. "Hata kidogo, mzee?"

"Nina neno moja. Na hilo nalo kumbe sijui maana yake."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka dukani kwa Mhindi. Sironka, yuleyule aliyemsukuma, alicheka mpaka akakaa chini. Yoeli ndipo akakumbuka shikamoo zake zote, akajifunika uso kwa kofia. Loishiye alisimama katikati yao ameshika fimbo, akangoja wamalize. Mimi namlaumu kwa mengi, lakini siku ile nampa heshima yake yote.

Bwana Kamba hakucheka. Alikwisha kumwambia mkuu wake kwamba wenyeji wameiomba njia kwa shauku kubwa. Kurudi nyuma kungekuwa kukiri kwamba Kiswahili kizima cha kitabu kimedanganywa na mzee mwenye neno moja. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, nadhani, kwa kadiri ya wenzake. Akatoa uamuzi. Kesho asubuhi atapanda baiskeli mwenyewe, afuate vigingi kutoka bomani hadi mtoni. Akiona njia ya baiskeli inafaa, nyumba itoke bila maneno zaidi. Akiona haifai, ataifuta, na barabara pana itapita peke yake nje ya ua.

Asubuhi ile Nosim alikaa mlangoni, miguu ameinyoosha mbele yake, shanga zote shingoni. Alikuwa amekwisha kupeleka salamu Nduruma kwa kaka zake. Loishiye alisimama mbali, nje ya ua, maana uani hakuruhusiwa. Sironka naye alikuwa akiwateremsha ng'ombe kwenda kunywa maji kama kawaida yake. Hivyo ndivyo alivyosema siku zote, kama kawaida, na mimi siapi kwa niaba yake.

Bwana Kamba akatokea, suruali imefungwa kwa kamba miguuni, akipiga kanyagio kwa madaha. Njia ilikuwa imekauka, baiskeli ikaenda vizuri. Ikaenda vizuri mno. Nosim alikaza macho kwenye kigingi.

Karibu na ng'ombe wa Sironka, bwana akapiga kengele ili wapishe.

Sasa, kwa Waarusha kengele hufungwa shingoni mwa ng'ombe anayetangulia. Wengine wanakua na mlio ule tangu ndama. Wakiusikia wanajua kwamba mkubwa wao anaondoka na kwamba mbele kuna maji. Kwa Bwana Kamba kengele ilisema pisheni. Kwa ng'ombe ilisema nifuateni.

Wakainua vichwa, wakamfuata.

Bwana akageuka, akaona pembe, akapiga kengele kwa nguvu zaidi. Ng'ombe wakaongeza mwendo. Hawakuwahi kuitwa kwa bidii namna ile. Akapiga kwa mfululizo bila kuondoa kidole, nao wakaanza kukimbia, mikia juu, na ng'ombe wa majirani wakatoka mazizini kujiunga. Sironka alikimbia nyuma yao akipiga kelele kwa Kimaa, "Acha kuwaita! Bwana, acha kuwaita!" Yoeli alikimbia nyuma ya Sironka akitafsiri kwa Kiswahili, lakini hakuna aliyemsikia. Simaloi alipanda juu ya kichuguu, mkungu kichwani, akisema amekwisha kusema.

Baiskeli ikaingia langoni kwa Nosim kama ilivyopangwa. Mbele, mlango, mlangoni, Nosim. Hakuvuta hata kidole cha mguu. Bwana Kamba alikuwa na mambo matatu ya kuchagua, ng'ombe, mwanamke au mfereji wa migomba, akachagua mfereji. Alitua humo chali, na baiskeli ikatua juu yake, ikarudia kazi yake ya zamani ya kupanda watu. Ng'ombe wakasimama wakiuzunguka mfereji, wakimtazama kwa heshima, wakingoja aseme wanaelekea wapi.

Nosim aliinuka. Aliwatawanya ng'ombe kwa maneno mawili, akainama, akamshika bwana mkono, akamvuta nje kama mtu anavyovuta ndama. Akamkalisha kwenye kigoda cha Loishiye, kilichokuwa bado pale nje, akampa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Bwana akanywa. Nosim akamshikilia kibuyu mpaka alipotulia. Hakumpenda, tusidanganyane. Lakini mtu aliyeanguka uani kwako ni mgeni wako.

Yoeli alipofika na kupata pumzi, bwana aliuliza swali moja. "Kila nikipiga kengele, watakuja?"

Sironka akafikiri kwa uaminifu. "Kila ukipiga. Na wakizoea, watakuja kukungoja bomani asubuhi."

"Na nisipopiga?"

"Utanigonga mimi," alisema Simaloi kutoka kwenye kichuguu.

Bwana Kamba akatazama kibuyu, akatazama magurudumu yake, na mwishowe akacheka, kicheko cha kweli, matope yakimdondoka masikioni. Akawaamuru askari wang'oe vigingi vya uani, vyote vitatu. Tangu siku ile baiskeli yake ilizunguka ndani ya kuta za boma tu, na kengele akaifunga kitambaa.

Watu walipoondoka, Loishiye alikusanya ujasiri wake na blanketi lake, akaja mpaka mlangoni. Nosim alikuwa amekaa tena palepale, miguu imeziba njia.

"Hodi."

Nosim hakukunja miguu.

"Mama Nashilu, vigingi vimetoka."

"Nimeona."

"Na mimi nimesema mbele ya watu wote kwamba Kiswahili sijui. Umesikia walivyonicheka. Nini tena unataka?"

Nosim akamtazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu kuja kwa Yoeli. "Unadhani nilikutoa kwa sababu ya Kiswahili?" Sauti ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa. "Mtu alikuja kuuliza kuhusu nyumba yangu. Mimi sikuwepo. Wewe ukajibu. Hata angeuliza kwa Kimaa, Baba Nashilu, ungejibu."

Loishiye alisimama na blanketi lake mkononi. Alitafuta la kujitetea, na kwa mtu wa aina yake, kulikosa kulikuwa kazi kubwa kuliko kulipata.

"Ningejibu," alisema.

Nosim akakunja miguu, akampisha.

Ulipofika mwaka mwingine, alikuja bwana mwingine kutoka bomani, ana mpango wa kupanda miti na kuhamisha soko, naye alitaka kujua kama ua ule unaweza kupunguzwa upande wa barabara. Majirani wakajikusanya. Wakati huo Loishiye alikwisha kufundishwa na Yoeli maneno mengi, na yote alikuwa akiyajua maana. Bwana akamtazama yeye, mwanamume, mzee, mwenye fimbo, akamuuliza swali lake lote mpaka mwisho. Loishiye alilielewa kila neno. Bibi yangu, aliyekuwepo, alisema mishipa ya shingo ilimsimama kwa hamu ya kujibu. Kisha akageuza kichwa kuelekea nyumbani.

"Mama Nashilu!" aliita. "Njoo, unaulizwa."

Nosim akatoka, samadi mbichi mikononi, na yule bwana ikabidi aanze swali lake upya.